Hotuba inaandikwa kwa ajili ya masikio

Mimi naamini hotuba nyingi zinazotuchosha zinaharibikia mezani, kabla hata mtu hajashika maiki. Tunamlaumu msemaji kwamba hajiamini, hana sauti, anaogopa watu, wakati karatasi aliyopewa hata mtangazaji mzoefu wa redio ingemshinda. Imeandikwa kama barua ya ofisini, "uongozi kwa kushirikiana na wadau mbalimbali umedhamiria kuhakikisha kwamba", na kuendelea, mpaka sentensi inaisha watu washasahau nani alikuwa anafanya nini. Anayesoma gazeti akipotea anarudi juu anasoma tena. Anayesikiliza harudi popote, akipotea ndo basi, anatoa simu.

Kasikilize ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin yameshaingia Kagera, Amin ametangaza eneo lile ni lake, nchi nzima inasubiri kusikia rais atasema nini. Na huyu ni mtu aliyetafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, maneno mazito alikuwa nayo tele, angetaka kutuonyesha usomi angetuonyesha. Akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.

Hebu iangalie vizuri hiyo sentensi. "Kumpiga" imerudi mara tatu, mwalimu wa insha angeshaipigia mstari mwekundu kwamba umerudia neno. Kwenye maandishi mtu angeandika "tunao uwezo, sababu na nia ya kumpiga", sarufi safi kabisa, fupi zaidi, na leo hakuna mtu angeikumbuka. Kule kurudia ndiko kunakompa msikilizaji nafasi ya kushika, kwa sababu ukisikia kipande cha kwanza sikio lako linashajua cha pili kitakaaje, kwa hiyo akili haihangaiki na muundo, inahangaika na kitu kimoja tu kipya, kwanza uwezo, af sababu, af nia. Na kila kipande kinaangukia kwenye "tunao", "tunayo", yaani sisi wote. Watu ambao hawakuwa wamezaliwa 1978 wanaijua kwa kichwa.

Sasa chukua risala za mahafali ya shule. Mtoto wa kidato cha nne anasimama mbele ya mgeni rasmi anasoma "shule yetu inakabiliwa na changamoto ya upungufu wa matundu ya vyoo". Mgeni rasmi kashaisikia hiyo kila shule aliyoenda, inapita tu. Mwambie mtoto huyohuyo aseme "Mheshimiwa, kengele ya mapumziko ikilia wasichana tunakimbia kupanga foleni chooni, na kengele ya kurudi darasani ikilia wengine bado tuko kwenye foleni". Ni shida ileile, ila sasa mgeni rasmi anaiona, na wazazi nyuma huko wananyamaza. Hakuna neno gumu hata moja hapo na hakuna kipaji kilichohitajika, ni kusema kitu kinachotokea.

Jambo lingine linaloniumiza ni salamu. Najua heshima ni muhimu, mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, huwezi kusimama mbele ya wazee ukaanza tu. Lakini dakika za mwanzo ndo watu wako na wewe kwa hiari yao, wanataka kujua huyu ana nini leo, na sisi tunazimaliza kwa kutaja vyeo kuanzia mkuu wa wilaya mpaka mwenyekiti wa mtaa, af kila msemaji anayefuata anavirudia vyotevyote. Bora MC atambue wageni mara moja, wengine wote waseme itifaki imezingatiwa na waingie kwenye neno lao.

Halafu kuna hii imani kwamba msemaji mzuri hatumii karatasi. Mfano unaotolewa sana ni Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi Marekani, Washington, Agosti 28, 1963, kwamba aliacha maandishi katikati baada ya mwimbaji Mahalia Jackson kumpazia sauti awaambie watu kuhusu ile ndoto yake ya weusi na weupe kuishi sawa. Ni kweli aliacha karatasi. Ila maneno ya ndoto alikuwa ameshayasema kabla, hata Detroit mwezi Juni mwaka huohuo aliyasema, na ni mchungaji aliyekuwa akihubiri miaka na miaka. Alikuwa na akiba. Wewe ambaye hujawahi kuyatamka maneno yako hata chumbani kwako, ukitupa karatasi utabaki na "kwa kweli", "kimsingi", na "nisiwachoshe" huku unawachosha.

Kwa hiyo andika, lakini andika ukiwa unatamka. Sehemu ambayo ulimi wako unajikwaa, ibadilishe hapohapo, usijipe moyo kwamba siku ya shughuli itakaa sawa. Chapisha kwa herufi kubwa, kila pumzi moja mstari wake, ili ukiinua macho kuwaangalia watu ukirudi upajue ulipoachia. Jirekodi kwenye simu ujisikilize, na pale utakapotamani kupeleka mbele ndo pa kukata.

Na kwa walimu, nawaomba sana, yule mtoto wa risala msimkabidhi karatasi asubuhi ya mahafali ikiwa imejaa maneno yenu. Mpeni wiki nzima, akae na wenzake, wambieni wataje wenyewe kinachowasumbua hapo shuleni kwa maneno wanayoongea wao kila siku. Nyie rekebisheni tahajia tu.