Siku tuliyoosha dawa ya nywele kwa bei ya bajaji

Watu wanadhani ukienda kusomea saluni siku ya kwanza tu unakabidhiwa chanuo na kichwa cha mtu. Thubutu! Mi najiunga na kozi ya ususi na urembo, leveli wani, nilishajiona naremba maharusi ukumbini, kumbe mwanzo wote ni daftari na kalamu, ngozi ina tabaka ngapi, nywele unayoiona imeshakufa mzizi ndo unaishi, inarefuka kama sentimita moja hivi kwa mwezi (dada zangu mnaouziwa mafuta ya kufikisha nywele kiunoni kabla ya Idi, pigeni hesabu wenyewe), halafu pH, kile kipimo cha asidi na alkali. Yani ile pH niliyoikimbia sekondari nikaikuta imekaa saluni inanisubiri.

Mwalimu wetu wa vitendo alikuwa mama mtu mzima, anaongea taratibu ila ukikosea anakutazama mpaka unasahau jina lako. Kwenye somo la dawa alikuwa hacheki kabisa. Ngozi ya kichwa iko kwenye asidi kidogo, pH kama 5 hivi, dawa ya kulainisha nywele inacheza 12 mpaka 14, kwahiyo ile sio losheni jamani, ukizembea inakula nywele na ngozi juu. Unapaka mafuta mazito pembezoni, masikioni na shingoni, unavaa glavu, saa unaanza kuitazama brashi ikigusa kichwa tu, na kabla ya yote unamuuliza mteja kama amejikuna au kama juzi juzi kafumua rasta, maana kichwa chenye michubuko kikikutana na dawa utasikia habari yake mtaa wa pili.

Sasa siku ya mgeni rasmi. Chuo kinatembelewa, tumeambiwa kila fani ioneshe vitendo laivu, na sisi mteja wetu akawa mama mmoja jirani na chuo, mweka hazina wa kikoba, ana sendofu ya mtoto wa dada yake jioni na kasikia kwetu leo ni bure. Akaja na kanga yake kichwani, tukamwamkia, tukamkalisha.

"Mama, rasta umefumua lini?"

"Zamani mwanangu."

"Na hujajikuna?"

"Mimi? Sina tabia hiyo."

Tukamwamini, mtu mzima na ni mweka hazina. Baadae ndo tulikuja kujua kafumua usiku wa jana mbele ya tamthilia, na kila kipande cha nywele alichofumua alikisindikiza na ncha ya kitana, kwaru kwaru, anasikia raha.

Mwalimu akakagua mafuta tuliyompaka, akaridhika, akatoka kwenda kuwapanga watu wa ushonaji. Tukapaka dawa. Hata haijafika katikati mama kaanza kucheza mguu mmoja. Kisha miguu miwili. Kisha akaanza kumtaja marehemu mama yake, nikamwambia mwenzangu hii tuioshe sasa hivi bana, tukamvuta kwenye sinki, nikafungua bomba, likasema fyuuuu.

Hewa.

Nikakimbilia tangi la akiba nyuma ya darasa, lile kubwa jeusi, nikaligonga likalia ngoma. Kumbe tangu alfajiri uongozi umedeki uwanja mzima, umemwagilia maua, umeosha mpaka mawe ya kuzunguka mlingoti wa bendera, mgeni asione vumbi. Mawe yanang'aa, kichwa cha mama kinaungua.

Nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa kwenye begi, mwenzangu akammiminia yote. Ikawa balaa zaidi, maana maji yenyewe ni kidogo, badala ya kuitoa dawa yakaishusha shingoni, mama akaruka. Tukaenda kwa mama ntilie wa getini, kakumbatia ndoo yake, "haya ya ugali wanangu, wageni wamelipia". Hapo mama wa kikoba akajiongeza mwenyewe. Kavuka geti huyooo, na aproni yetu ya plastiki inapepea, sisi nyuma yake, mi na chupa ya shampuu mkononi, mwenzangu na taulo, glavu bado tumevaa, na bodaboda mmoja anatufuata pembeni taratibu kabisa, "Mama nikuwahishe hospitali? Buku mbili tu."

Mama hakwenda hospitali. Alikuwa na akili kuliko sisi sote, aliingia kaosheo.

Pale ng'ambo kuna vijana wanaosha magari kwa kisima chao cha maji chumvi, hawajui mgao wa maji ni kitu gani. Wakati huo walikuwa na V8 moja nyeusi imejaa povu. Mama akapiga magoti kwenye zege pembeni ya tairi, akainamisha kichwa. Kijana anasema "mama kuna foleni", mama akajibu kwa sauti ambayo siwezi kuiandika hapa. Kijana wa watu akanyanyua ile bunduki ya presha.

"WEEEE!" mwenzangu alimrukia mkono kama golikipa. Ile mashine inang'oa tope la Mbagala kwenye chasisi, kichwa kilichopakwa dawa ingekiacha na nini? Tukaomba mpira wa kawaida, tukamsuuza, tukamsuuza, mpaka mama akashusha pumzi na kuanza kuwatukana waliodeki uwanja kwa majina, nikajua anapona.

Basi nikaweka shampuu ya kumalizia. Sasa ile ya kuondoa mabaki ya dawa, kuna aina imewekewa rangi, dawa ikiwa bado ipo povu linatoka la pinki, ikiisha linakuwa jeupe. Mi na mwenzangu tunajua. Kijana wa kaosheo hajui. Kaona povu jekundu jekundu linamtoka mama kichwani linatiririka kwenye zege, akapiga ukunga, "DAMUUU! Mama anavuja damu!" na mpira akauachia. Mpira ukacheza hapo chini na kuingia kwenye dirisha la nyuma la V8, ambalo lilikuwa wazi, na ndani alikuwepo baba mmoja wa suti anasoma karatasi.

Alikuwa mgeni rasmi. Kasimamisha gari lioshwe vumbi kabla ya kuingia chuoni.

Nilimwamkia huku nimepiga magoti, sijui hata kwanini. Akauliza kwa upole huyu mama kapatwa na nini, nikaanza kumweleza pH yote niliyofundishwa, natetemeka, na mambo ya pinki na nyeupe, akashuka na hotuba yake imelowa kutazama mwenyewe. Kufika hapo wamejaa bodaboda, muuza mahindi, konda na abiria wawili. Nasuuza, naweka shampuu, umati unachungulia. "Bado pinki! Ongeza!" Nasuuza tena. "Imefifia hiyo, bado kidogo!" Ya mwisho ikatoka povu jeupe peee, wakashangilia, dereva wa daladala akapiga honi.

Tukamkaushia mama darasani na drayer, umeme nashukuru ulikuwepo. Nyuma ya sikio kulichubuka kidogo, mwalimu akampaka dawa ya ngozi bila kusema neno, na huko kunyamaza kwake ndo kulitutisha. Ila nywele, jamani, zililala. Mgeni rasmi kwenye hotuba (aliisoma karatasi ikiwa imekunjamana) akakisifia chuo kwa kuwapeleka wanafunzi kuwahudumia wananchi barabarani, na mkuu wa chuo akatikisa kichwa kukubali kana kwamba ulikuwa mpango wake wa mwaka mzima.

Ikafika kipindi cha maoni ya wananchi. Mama wa kikoba akanyoosha mkono, akavua kanga kichwani taratibu ukumbi ukapiga makofi, akashika maiki.

"Nashukuru chuo. Lakini kule kaosheo nimeandikwa kwenye daftari, bei ya bajaji, shilingi elfu tano. Mi hapa niliambiwa bure. Kijana yuko getini na daftari lake."

Mhasibu akatoka kwenda kulipa. Kijana akapewa na sahani ya pilau, akakaa na sisi nyuma kabisa, na alipomaliza kula akamfuata mwalimu kuulizia fomu za kujiunga, ada ni kiasi gani, na kama kwenye vitendo mtu anaruhusiwa kuja na mashine yake.