Kilio kilichofutwa mahakamani

Tarehe 26 Aprili 1999, mahakama za England na Wales zilianza kutumia kanuni mpya za mashauri ya madai, na neno "plaintiff", yaani mlalamikaji, likawekwa kando. Anayefungua kesi sasa ni "claimant", yaani mdai. Jaji Woolf, ambaye ripoti yake ndiyo iliyozaa kanuni hizo, alitaka mtu asiye na wakili aweze kufuata kesi yake mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Mtu anayedai fedha zake hapaswi kuzuiwa mlangoni na msamiati.

Lakini waliolisikitikia neno la zamani walieleweka vibaya, kana kwamba wanatetea majoho na mawigi tu. Hebu tulitazame neno lenyewe. Limetoka katika Kifaransa cha kale, lugha ambayo utawala wa Wanormani, wavamizi kutoka Ufaransa, uliiingiza katika sheria za Uingereza, na mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini plangere: kupiga, hasa kujipiga kifua kwa majonzi, kama afanyavyo mfiwa. Shina hilohilo limewapa Waingereza "plaintive", wanalolitumia kwa sauti yenye huzuni. Kabla ya kuwa na dai, basi, mtu huyu alikuwa na maumivu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaisikia tofauti hiyo bila kufundishwa: mdai anataka chake, mlalamikaji ametendwa.

Na lililochukua nafasi yake? "Claimant" nalo ni la Kilatini, clamare, kupaza sauti, tena limepita njia ileile ya Kifaransa. Hapa ndipo ninapokwama kila nikilifikiria suala hili. Hawakuondoa ugeni; waliondoa kilio wakaweka ukelele. "Defendant", yaani mdaiwa, ambalo lina asili hiyohiyo, hawakuligusa kabisa.

Nakubali kwamba "claim", yaani dai, Mwingereza analijua tangu utotoni, na hilo ni jambo la maana. Ila analijua pia kwenye fomu za bima. Aliyekwaruziwa gari na mjane aliyenyang'anywa nyumba sasa wanaitwa jina moja, jina la mtu anayejaza fomu.

Kenya haikufuata mkondo huo. Hati inayofungua kesi ya madai katika Mahakama Kuu jijini Nairobi bado ina kichwa kimoja, neno la mzizi uleule wa kilio, kwa herufi kubwa: PLAINT.