Maagizo ndani ya faili la jaribio: yakae au yatoke?

Test262, mkusanyo wa majaribio unaopima kama injini za JavaScript (programu zinazoendesha msimbo wa lugha ya JavaScript) zinafuata kanuni rasmi za lugha hiyo, una makumi ya maelfu ya mafaili. Ndani ya mafaili hayo mna maoni yanayofunguliwa kwa /*--- na kufungwa kwa ---*/. Injini ya JavaScript huyaruka kama maoni mengine yoyote. Programu inayoendesha majaribio, yaani kiendeshaji, huyasoma kama amri.

Tazama jaribio la kuhakikisha kwamba sintaksia mbovu (msimbo uliokosea kanuni za uandishi) inakataliwa. Utakuta neno negative, na chini yake phase: parse na type: SyntaxError. Yaani kosa litokee msimbo unaposomwa, kabla haujaanza kutekelezwa. Futa mistari hiyo mitatu, na injini iliyofanya kazi yake vizuri itahesabiwa kuwa imefeli. Metadata, yaani maelezo haya kuhusu jaribio, hapa ni nusu ya jaribio lenyewe.

Kwa hiyo wanaotaka maagizo yakae ndani ya faili wana hoja nzito. Faili likihamishwa au likinakiliwa, maagizo yanakwenda nalo, na anayekagua mabadiliko anaona msimbo na matarajio yake kwa pamoja. Orodha ya pembeni haina bahati hiyo: faili linabadilishwa jina, orodha inabaki na jina la zamani, na miezi inapita.

Lakini maoni yana udhaifu wake: kompaila, programu inayotafsiri msimbo, haiyakagui. Majaribio ya kompaila ya lugha ya Rust yaliandikiwa maagizo kwa muda mrefu kama maoni ya kawaida, mathalani // ignore-windows, yaani usiliendeshe kwenye Windows. Ukikosea herufi moja, agizo linageuka porojo na hakuna anayelalamika. Mwaka 2024 mradi ulihamia alama ya //@, ili mstari wa namna hiyo ujulikane kuwa umeelekezwa kwa kiendeshaji, na neno lisilotambulika lizue kosa. Pytest, zana ya majaribio ya Python, nayo ina chaguo la --strict-markers, linalokataa alama zisizosajiliwa, kwa sababu hiyohiyo. Kwangu mimi, kiendeshaji kinachonyamazia agizo kisilolijua ni hatari kuliko kukosa metadata kabisa, maana kinakupa matokeo ya kijani (ya kufaulu) usiyostahili.

Kuna pia usumbufu wa kuchekesha kidogo: metadata huweza kuingilia kinachopimwa. Majaribio ya mstari wa #! (unaoutajia mfumo programu ya kuendesha faili) yanadai alama hizo ziwe mwanzo kabisa wa faili, basi maagizo hushushwa chini yake. Tena huwekwa bendera ya raw, inayoamuru faili liendeshwe kama lilivyo, kwa sababu kiendeshaji kikiongeza maandishi yake juu, hata "use strict" tu (agizo la kuwasha hali kali ya JavaScript), jaribio limeharibika.

Swali linalonishughulisha zaidi ni maelezo ya aina gani yanastahili kuwa ndani. "Jaribio hili linatarajia SyntaxError" ni kweli popote litakapoendeshwa. "Jaribio hili linafeli kwenye Windows kwa sasa" ni habari ya mashine fulani na wiki fulani. Waliotunza OpenJDK, Java ya chanzo huria, wametenganisha mambo haya: @test, @bug na @run hukaa ndani ya faili, ila majaribio yaliyosimamishwa kwa muda huorodheshwa katika ProblemList.txt, pamoja na namba ya hitilafu na mfumo unaohusika. V8, injini ya JavaScript ya Chrome, nayo ina orodha yake, test262.status, na haikuwa na njia nyingine: Test262 ni mali ya injini zote, hivyo kasoro za injini moja haziwezi kuandikwa humo.

Nauunga mkono mgawanyo huo, ingawa LLVM, mradi wa zana za kutengenezea kompaila, inanipunguzia uhakika. Huko XFAIL, alama ya jaribio linalotarajiwa kufeli, huandikwa ndani ya jaribio, na bado haichakai kimyakimya: jaribio lililotarajiwa kufeli likifaulu, zana ya lit, kiendeshaji chao, hulitangaza XPASS (limefaulu bila kutarajiwa) na kulihesabu kuwa kosa, mpaka mtu aje aondoe mstari huo. Pale ambapo wenye majaribio ndio wenye msimbo unaopimwa, ulinzi huo unatosha.