Yai la Shilingi Mia Tano

Jamani, mimi nilitaka mayai tu. Sikutaka utajiri. Dukani kwa Mangi yai limefika shilingi 400, nami nina watoto wanne, na yule mkubwa siku hizi anataka mawili kwa sababu eti anajenga mwili. Nikachukua daftari, nikapiga hesabu. Usije ukakaa na daftari ukiwa na njaa. Kwenye daftari kuku haumwi, hali, haibiwi. Mpaka nafika ukurasa wa pili nilikuwa nimeshanunua bajaji.

Nikaleta vifaranga 20 wa chotara, wa siku moja. Muuzaji akasema wiki ya kwanza joto liwe kama nyuzi 35, halafu nishushe kidogo kidogo. Nikaweka boksi la televisheni sebuleni, maranda chini, taa juu. Usiku wa pili umeme ukakatika. Ikabidi niwashe mkaa, niumwage kwenye chungu, nifungue dirisha tusife wote kwa moshi, kisha nikeshe. Maana vifaranga wakibanana katikati kama abiria wa Gongo la Mboto saa 12 jioni, ujue wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, ujue unawaoka. Kwa hiyo mkono mmoja umo ndani ya boksi, mwingine unapepea jiko.

Saa 9 usiku mke wangu akapita kwenda kunywa maji. Akasimama, akanitazama weee.

"Baba Zawadi, huyu Zawadi alivyokuwa mchanga akilia usiku, si ulikuwa unajifanya umelala?"

Sikumjibu. Ningemjibu nini?

Halafu wanakula hao! Mfuko wa kwanza wa chakula nilinunua kwa furaha. Wa pili kwa mshahara. Wa tatu kwa mkopo wa kikoba cha mke wangu, na mpaka leo akitaka nikae kimya anataja neno "marejesho". Nikashauriwa nichanganye mwenyewe: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa kidogo. Nikachanganya. Nyumba ikanuka soko la Feri, paka wote wa Kivule wakahamia kwangu, na walipochoka kunusa dagaa wakaondoka na vifaranga wanne.

Kilichonimaliza ni chanjo ya kideri. Hiyo huna ujanja nayo, kideri kikipita kwenye banda unaweza kuamka ukakuta manyoya tu na majuto. Dawa ni tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi 3. Sasa chupa ndogo kabisa niliyoikuta dukani ni ya kuku 100, mimi nina 16, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Ikabidi nizunguke kwa majirani kuomba kuku wa kuchanja, kama mtu anayechangisha harusi. Mama Suma akaleta wake 6.

Tukasubiri jioni wakishapanda kulala. Zawadi kashika tochi, mimi nimembana jogoo kwapani, kidole gumba kinafungua jicho, mkono wa pili una chupa. Nikalenga. Jogoo akatikisa kichwa, akapiga bawa, tone likaruka likaingia jicho langu. Siku mbili nilitembea na jicho jekundu, kazini wakinipa pole ya msiba. Bwana mifugo nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. "Usijali mzee," akasema, "wewe sasa kideri hakikupati."

Walipokua nikagundua majogoo ni 11. Kumi na moja! Na muuzaji aliniapia kwamba wengi ni matetea. Wanawika kwa zamu kuanzia saa 9 usiku, mmoja akikaa kimya mwingine anamwamsha. Matetea watano walipofika miezi mitano wakaanza wekundu wa kilemba na kelele za kutaga, ila kwenye kiota hamna yai. Kila asubuhi nainama pale, napapasa majani, natoka na utitiri.

Wakati huohuo Mama Suma akaanza kuuza mayai. Shilingi 500 moja, "ya kienyeji haya baba, kiini chake kama embe dodo". Tukanunua. Tukasifia. Nilimwambia mke wangu kwa mdomo wangu mwenyewe: umeona mwenzetu anavyojua kufuga?

Jumamosi moja nikamwona yule tetea wangu mwekundu anatembea kwa kunyata, shingo chini, kama mtu anayekwepa mdai. Akapenya tundu la uzio. Nikaruka, nikamfuata mpaka kwenye pagale la Mama Suma. Nyuma ya mifuko ya saruji kuna beseni, ndani ya beseni kanga imekunjwa, pembeni maji na mtama. Giza zuri, kimya, hakuna bughudha. Na mimi kiota changu nilikiweka juani, karibu na mbwa.

"Mama Suma, huyu si kuku wangu?"

"Nimemwita mimi? Kaja mwenyewe. Muulize anakimbia nini huko kwako."

Tukaenda kwa mjumbe. Mjumbe akasema kesi ya kuku haiwezi kusikilizwa ofisini, lazima aje aone eneo. Akaja saa 7 mchana, saa ya kula. Nikachinja jogoo. Akala, akanywa mchuzi, akachokonoa meno, akatangaza kwamba upande wangu ameuelewa vizuri, ila kesi anaiahirisha mpaka Jumamosi ijayo, atakapokagua eneo kwa mara ya pili.

Majogoo wamebaki 10. Leo asubuhi nimemtuma Zawadi kwa Mama Suma akalete mayai mawili. Amerudi nayo, na ujumbe: deni sasa limefika 4,500.