Mwenye gari la zamani na spana yake

Anayemiliki Toyota ya zamani kama Corolla 110, Carina Ti, Starlet au Mark II Grande ameshausikia huu ushauri: gari lako lina fundi, usiliguse. Huupata kwa ndugu, kwa majirani, hata kwa fundi mwenyewe. Mtu akifungua boneti Jumamosi asubuhi abadili plagi kwa mkono wake, huonekana bahili au mtafuta balaa. Wanaomtetea nao husema jambo moja tu, kwamba anaokoa pesa, na kwamba siku hizi kila kitu kipo kwenye video. Nimezipima pande zote mbili. Naona wanaokataza wanasikilizwa kuliko wanavyostahili, na kosa ni la watetezi, ambao wameshika hoja dhaifu wakaiacha yenye nguvu.

Wanaokataza wana jambo la kweli, na lisipuuzwe. Hewa ikibaki kwenye mabomba ya breki, pedali inazama na gari halisimami, na anayegongwa ni mtu anayevuka barabara zake, ambaye hakuulizwa kama anaridhia majaribio hayo. Anayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, au na matofali, anaweza asitoke. Usukani, springi za mbele, nyaya za njano za mifuko ya hewa: hizi zinataka mtu aliyefundishwa na vifaa vyake. Kazi hizo sizitetei zifanyike nyumbani.

Ila hata kwenye breki, hoja ya wakatazaji haifiki mbali wanakodhani. Oili ya breki ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za sentigredi. Ikishakaa miaka ikanyonya unyevu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Anayeteremka mlima Kitonga, kule Iringa, huku amekanyaga breki muda wote anahitaji sana tofauti hiyo ya nyuzi 65. Sasa waulize wenye magari kumi unaowafahamu: ni wangapi wamewahi kubadilishiwa oili ya breki gereji bila wao kuiomba? Na ataiombaje mtu asiyejua kwamba inachoka?

Hapo ndipo palipo na hoja yenyewe. Ufundi wa kawaida hapa kwetu Tanzania haulipwi ghali kiasi cha kumfanya mtu atajirike kwa kumwaga oili mwenyewe. Ulaya, saa moja ya fundi inaumiza mfuko. Huku, kinachoumiza ni spea, na ukinunua spea isiyo sahihi hasara ni ileile, uifunge wewe au aifunge fundi. Faida kubwa ya kushika spana ni kwamba mwenye gari anakuwa mtu anayeweza kuulizwa na kujibu pale uamuzi unapofanywa juu ya injini yake. Magari mengi ya zamani yanakufa kwa maamuzi ambayo mwenye gari alikuwepo yalipofanyika na hakuambiwa kitu.

Uamuzi mmoja kati ya hayo nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu umeharibu injini nyingi na bado unaendelea: kutoa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto.

Gari linachemsha. Linafika gereji bubu chini ya mwembe, mwenyewe ana haraka na fedha kidogo. Fundi anafungua, anakuta thamostati imeganda kwa kutu, anaitoa, anafunga, anajaza maji ya bomba. Gari halichemshi tena siku hiyo. Kila mtu ameridhika, na fundi kwa kweli hakumwibia mtu: amelipwa aizuie shida ya leo, na ameizuia. Imezoeleka mpaka wapo mafundi wanaoitoa hata kwenye gari ambalo halijawahi kuchemsha, kwa imani kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi.

Thamostati si ya baridi. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Kwenye injini nyingi za Toyota huanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Ikitolewa, gari likiwa safarini usiku, tuseme Makambako kwenda Njombe, injini inazunguka ikiwa ya baridi. Kompyuta inasoma ubaridi huo na kuendelea kumwaga petroli kama vile gari limewashwa sasa hivi. Petroli inayobaki bila kuungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili inayozilinda. Oili yenyewe haipati joto la kukausha unyevu, inageuka tope. Kwenye magari mengi ya otomatiki gia ya juu inachelewa kuingia mpaka maji yapate moto. Mwenye gari anaona kitu kimoja tu, kwamba gari linakunywa mafuta, na anaanza kubadilishiwa plagi, nozeli na pampu.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka walione. Injini nyingi za Toyota za miaka ya tisini na elfu mbili zina njia ya pembeni, ambayo maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta wakati injini bado ni ya baridi. Thamostati ikifunguka, sehemu yake ya nyuma ndiyo inayoiziba njia hiyo. Ukiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Toyota wenyewe vinaonya kwamba thamostati isitolewe hata kama gari linaelekea kuchemsha, kwa kuwa uwezo wa kupoza unapungua. Yaani tiba iliyoenea mitaani inaweza kuzidisha ugonjwa siku ya mzigo, kwenye mlima, na kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

Chanzo nacho ni hayohayo maji ya bomba. Kulanti, maji maalumu ya rejeta, ina dawa za kuzuia kutu. Maji matupu hayana. Kutu ndiyo iliyogandisha thamostati, ndiyo inayoziba rejeta na kula mapezi ya pampu ya maji, na mwisho wake ni kuungua kwa gasketi ya silinda hedi. Kabla ya kufika huko kuna kifaa cha bei ndogo ambacho hakuna anayekiangalia: kifuniko cha rejeta. Kwa kawaida hushikilia msukumo wa karibu 0.9 ba juu ya ule wa hewa ya nje, na kwa msukumo huo, Dar es Salaam, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119. Raba ya kifuniko ikichoka yanachemka kwenye 100. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, yanachemka karibu na 94. Kuangalia raba ya kifuniko, kujaza kulanti iliyochanganywa kwa kipimo, kuona kama feni inawaka: haya hayahitaji jeki wala shahada. Yanahitaji asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, maana kifuniko kikifunguliwa gari likiwa la moto maji yanaruka usoni.

Mwenye gari anayefanya hayo mwenyewe, hata kama kazi nzito zote anaziacha kwa fundi, siku akiambiwa "tutoe hii thamostati" atauliza ya kubadilishia iko wapi. Swali hilo moja lina thamani kuliko fedha yote anayodhaniwa kuokoa.

Tena magari yenyewe yanamruhusu aulize. Toyota nyingi za miaka ya tisini zina kiboksi cha uchunguzi ndani ya boneti. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya cheki injini inapepesa namba. 22 ni kihisi cha joto la maji. 41 ni cha mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta. Kihisi cha joto kikifa, kompyuta inaweza kudhani injini ni ya baridi na petroli inaliwa vilevile kama thamostati ingekuwa imetolewa. Mtu anayejua hivyo haendi kununua pampu.

Upande wa spea wakatazaji wana nguvu zaidi. Plagi, filta na mikanda bandia vimejaa, na mnunuzi mgeni hudanganywa kirahisi kuliko fundi anayefahamiana na wauza duka wa Gerezani, Dar es Salaam. Hapo nakubali kwamba kwenda na fundi unayemwamini ni busara. Ila mwenye gari aende naye, aishike spea mkononi, aombe ile ya zamani irudishwe ailinganishe. Spea ya zamani ikirudi mikononi mwa mwenye gari, ujanja mwingi unakosa nafasi, na hili linawahusu hasa akina mama wanaoendesha, ambao wengi wamezoea kukadiriwa bei kabla boneti haijafunguliwa.

Na mkate wa fundi? Hoja hii inasemwa kwa uchungu na ina haki yake, kwani gereji za uchochoroni ndizo zinazofundisha vijana wengi ambao hawakupata nafasi kwenye vyuo vya ufundi vya VETA. Lakini kazi inayomwinua fundi si ya kumwaga oili. Ni ya kufungua injini, kuweka ringi, kutengeneza gia boksi, na kazi hizo mwenye gari hawezi kumnyang'anya. Mteja anayejua kidogo analeta gari likiwa halijafa, na analeta maelezo: linachemsha likiwa kwenye foleni tu, barabara kuu halichemshi. Fundi mzuri anajua sentensi hiyo imemwonyesha feni kabla hajashika chochote. Fundi anayempoteza mteja wa aina hiyo ni yule aliyekuwa akiishi kwa kubahatisha.

Kitu kimoja watetezi hawakigusi kabisa, nami nawalaumu kwa hilo: oili chafu. Gereji nyingi huwa na pipa, na mnunuzi wa oili hiyo yupo. Mtu wa nyumbani huimwaga mferejini au kwenye shimo nyuma ya banda. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hukadiria kwamba oili ya badiliko moja la gari inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji masafi, na mitaa yetu mingi hunywa visima. Asiye na kidumu cha kuipeleka gereji asimwage oili nyumbani.

Serikali za ukanda huu zimechagua kuhesabu miaka ya gari. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 imezuia yenye miaka 15 na zaidi, na Tanzania gari kuukuu huongezewa ushuru. Sheria hizo husimama bandarini. Gari likishaingia, litakaa barabarani miaka mingine ishirini, na miaka hiyo haisimamiwi na yeyote isipokuwa mwenyewe na fundi wake.

Sasa zinakuja hybridi, yaani gari za petroli na umeme kwa pamoja kama Aqua na Prius, zikiwa tayari zimetumika. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina volti 201.6, ya Aqua ya kizazi cha kwanza 144, na nyaya zake za rangi ya chungwa zinaweza kuua. Hapo wakatazaji wako sahihi kabisa: asiyefundishwa asiziguse. Lakini betri hiyo inapozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma, na vumbi letu huliziba. Betri inapata joto kupita kiasi, inakufa mapema, na kuibadili ni gharama inayowafanya wengine walitelekeze gari. Kusafisha tundu hilo, na kichujio chake kama kipo, kila baada ya miezi michache ni kazi ya brashi na dakika chache, na ni ya mwenye gari.