Seremala wa nyumbani, anza na marufaa

Anayejifunza useremala kwa mapenzi yake hushauriwa aanze na meza au rafu ya vitabu. Mimi nasema aanze na marufaa, kile kiegemezo cha msahafu kinachokunjuka kwa umbo la X. Marufaa nzuri hutoka kwenye ubao mmoja. Haina msumari wala gundi wala bawaba ya chuma, na bado inafunguka na kufunga. Meza mbovu unaweza kuificha kwa vanishi na kitambaa. Marufaa mbovu haifunguki, basi.

Mifano imejaa pwani yetu, misikitini na madrasa, na huko ndiko pa kujifunzia. Picha ya mtandaoni inakuonyesha uso wa kitu tu. Omba marufaa ya zamani uishike, uigeuze, uchungulie kwenye vifundo vya bawaba, yale meno ya mbao yanayoingiliana: utaona patasi ilipopita na mahali msumeno ulipokomea. Ukishaelewa hapo, umeelewa kazi nzima.

Chukua ubao wa urefu wa sm 50, upana sm 17.5 na unene mm 22, uliopigwa randa pande zote na ukakaa mraba. Mninga ndio ninaoupendekeza: ukishakauka hauchezi sana, na patasi inaupenda. Vumbi lake linawasha wengine, kwa hiyo funika pua na mdomo. Msaji unafaa pia, ila unamaliza makali haraka. Msonobari uache, vifundo vya bawaba vitakatika. Hata mninga, ukiwa mbichi, utabana bawaba yote utakapojikunja. Angalia pia nyuzi za mti: ziende sambamba na urefu wa ubao. Zikikatisha mshazari, kifundo kinavunjika siku ya kwanza.

Andika "kichwa" kwenye ncha moja na "miguu" kwenye ya pili. Sm 22 kutoka miguuni piga mstari wa kukatisha ubao, na mwingine mm 22 juu yake, yaani sawasawa na unene. Hapo katikati ndipo bawaba inapokaa. Gawa upana mara tano, sm 3.5 kila kifundo, kisha hamishia mistari nyuma kwa kupitia ubavuni ili namba za vifundo zilingane pande zote mbili. Chora pia mstari wa katikati ya unene kuzunguka ubao wote. Tumia kisu, risasi ya kalamu ni nene mno kwa kazi hii.

Sasa uchongaji, na hapa ndipo mbao nyingi huharibika. Uso wa mbele, vifundo vya 1, 3 na 5 vinachongwa upande wa miguu. Vya 2 na 4 upande wa kichwa. Uso wa nyuma ni kinyume chake. Ukichonga kifundo kilekile upande uleule mbele na nyuma, mikato miwili inakutana na kifundo kinatengana na ubao wake. Kwa hiyo paka chaki sehemu zote za kutolewa kabla hujashika nyundo. Shuka mm 11, hadi mstari wa katikati, usipite. Upande wa kifundo viringisha, upande wa ubao acha mteremko wa nyuzi 45. Mteremko ukiwa wima mno, marufaa haitafunguka vya kutosha.

Kutenganisha vifundo, toboa kitundu kidogo kwenye kila mpaka, pitisha msumeno mwembamba wa fremu na ukate hadi mstari wa pili. Mikato ni minne tu, lakini bapa likiinama kidogo vifundo vitasuguana.

Nakshi zichongwe sasa, kabla ya kupasua unene wa ubao uwe mabawa mawili, maana ubao bado ni mnene na jiliwa linaushika vizuri. Tazama milango ya Lamu na Mji Mkongwe, hasa nakshi za Kibajuni za maua ya duara, ambazo zinachoreka kwa bikari na rula tu. Usizidi kina cha mm 3, kwa sababu baada ya kupasua kila bawa litabaki na unene wa mm 10 hivi.

Mwisho pasua unene kutoka ncha zote mbili, ukigeuza ubao kila baada ya sm chache ili msumeno usipotee, na usimame kwenye bawaba. Fungua taratibu. Ikigoma usilazimishe: karibu kila mara ni nyuzi chache zilizobaki kwenye kona ya ndani ya kifundo. Rudisha ncha ya kisu, zikate, jaribu tena.

Paka mafuta ya kitani, tabaka jembamba, na futa yanayobaki. Vanishi inagandisha bawaba. Vitambaa vyenye mafuta hayo vianike vikiwa vimetandazwa nje. Vikirundikwa vinaweza kujiwasha moto vyenyewe.