Fitzroy haikuhamia Brisbane

Fitzroy, klabu ya kandanda ya Australia (mchezo wa mpira wa umbo la yai, si soka) kutoka kitongoji cha Melbourne chenye jina hilohilo, iliunganishwa na Brisbane Bears mwishoni mwa 1996, ikazaliwa Brisbane Lions. Lions wamechukua ubingwa 2001, 2002, 2003, 2024 na 2025. Watetezi wa muungano huo huonyesha makombe hayo na kusema Fitzroy haikufa, ilihama tu. Wapo pia mashabiki wa zamani waliokataa kuishangilia Brisbane, na hao huchukuliwa kama watu walioganda katika yaliyopita. Naona hawatendewi haki.

Hoja ya muungano haina uzito mdogo. Mwaka 1996 Fitzroy ilishinda mechi moja tu msimu mzima. Katikati ya mwaka mdai wake, shirika la bima la nchi ya kisiwa cha Nauru, alimteua msimamizi wa kuiendesha. Ligi ilikuwa imeshakuwa ya kitaifa, huku jimbo la Victoria, iliko Melbourne, peke yake likiwa na klabu 11 kati ya 16. Wachezaji wanane walichukuliwa na Brisbane, na mmoja wao, Chris Johnson, alikuwemo katika ubingwa wa mara tatu mfululizo, 2001 hadi 2003. Simba, nembo ya Fitzroy, alibaki kifuani mwa jezi, na wimbo wa klabu, unaofuata mahadhi ya wimbo wa taifa wa Ufaransa, bado unaimbwa.

Lakini turudi nyuma. Klabu ilianzishwa 1883, ikawa miongoni mwa nane zilizocheza msimu wa kwanza wa ligi kuu ya Victoria mwaka 1897. Ilitwaa ubingwa mara nane, kuanzia 1898 hadi 1944, ukiwemo ule wa ajabu wa 1916: Vita vya Kwanza vya Dunia vilibakiza timu nne tu, Fitzroy ikashika mkia katika msimu wa kawaida, lakini zote nne zikaingia mtoano, nayo ikanyanyua kombe. Mara zote nane uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Brunswick Street, kitongojini kwake. Ikauacha baada ya msimu wa 1966.

Hapo ndipo pa kutazama, kuliko 1996. Kwa miaka 30 Fitzroy iliishi kama mpangaji: Princes Park kwa klabu ya Carlton, Junction Oval katika kitongoji cha St Kilda, Victoria Park kwa klabu ya Collingwood, Princes Park tena, na mwisho uwanja wa klabu ya Footscray. Mtoto aliyezaliwa Fitzroy mwaka 1967 alikua bila kuiona timu ya mtaa wake ikicheza mechi ya ligi kuu mtaani kwake. Ni kweli kwamba uwanja hauleti makombe. Kati ya 1944 na 1966 klabu ilikuwa nyumbani na haikutwaa ubingwa mwingine wa ligi. Ila uwanja huleta watu, na watu ndio waliohitajika siku ya shida.

Ushahidi ni Footscray. Mwaka 1989 ligi ilipanga kuziunganisha Footscray na Fitzroy. Wakazi wa Footscray wakapita mitaani na makopo ya michango, wakalipia uhai wa klabu yao, mpango ukafa. Klabu hiyo, siku hizi Western Bulldogs, ilichukua ubingwa 2016. Wao walikuwa na uwanja wao katikati ya watu wao. Wakati huo Fitzroy ilikuwa imepanga Princes Park.

Kisha tusisahau kwamba Brisbane haikuwa chaguo la Fitzroy. Viongozi wake walitaka kuungana na North Melbourne, jirani wa karibu. Klabu nyingine zilikataa zikihofia kuzalisha timu yenye nguvu kupita kiasi, na kweli North ndiyo iliyokuwa bingwa mwaka huohuo. Shabiki aliyenyimwa jirani akapewa mji ulio zaidi ya kilomita 1,300 hawezi kulaumiwa kwa kukataa.

Walioifuata Brisbane walipata furaha halali, na wengine wanazipenda zote mbili. Lakini Fitzroy yenyewe haikufutwa. Mwaka 2009 iliungana na timu ya ridhaa iliyokuwa ikitumia Brunswick Street, ikarudi kucheza katika ligi ya ridhaa ya Victoria. Anayetaka kujua Fitzroy iko wapi ana jibu kitongojini kwake, bila kuhesabu makombe ya Brisbane.